Tuta la Fundi Zefania

Mtu mmoja alikuwa na watoto watatu ambao hawakumzoea. Jina lake Zefania, fundi mwashi wa huko milimani Upare, na kazi ya kujenga nyumba za watu mjini ilimla mwaka mzima. Akirudi, watoto walimwamkia shikamoo kwa adabu zote, wakapokea mkate, halafu wakajibanza nyuma ya mama yao, wakimchungulia kama mgeni aliyepotea njia. Jambo hili lilimuuma Zefania kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Mwaka mmoja masika yalisimamisha ujenzi, naye akabaki nyumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa mwenyewe. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi kisichoota ila magugu. Akawaita watoto, akawaambia watalima bustani ya mboga, wao na yeye. Hakuwa amelima bustani maishani mwake, na wao vilevile. Alichokitafuta moyoni alikijua, na haikuwa mboga.

Jamani, siku hiyo ilikuwa tamu. Mbonea, mkubwa wao, alilima kwa jembe lililomzidi kimo. Eliamani alitumwa kuokota mawe, akaokota minyoo, akaipa majina ya walimu wake. Na Nakijwa, kitinda mimba, aliyepewa mbegu za mchicha azimwage kwa mstari, alichimba kishimo kimoja, akazitia zote humo, akafukia na kupigapiga udongo kwa kiganja. Alipoulizwa alisema mbegu ni ndogo sana, zikilala mojamoja zitaogopa. Baba yao alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, na watoto, kwa mara ya kwanza, wakamrukia mgongoni.

Lakini fundi ni fundi. Kesho yake watoto walipokwenda kuchota maji, Zefania alitoka kuitazama bustani, akaona tuta limepinda kama mkia wa mbwa. Mikono ikamwasha. Mtu aliyekula kwa kamba na pimamaji maisha yake yote ataonaje kitu kimepinda akanyamaza? Akapigilia vigingi, akavuta kamba, akalinyoosha tuta kana kwamba anaweka msingi. Akakifukua kile kishimo, akachanganya mbegu na majivu, akazimwaga upya kwa mistari. Alifanya kwa upendo, msimlaumu haraka. Mkewe alipita na mzigo wa kuni, akasimama kidogo, akauliza, "Baba Mbonea, na ukuta huu utauezeka lini?" Zefania akacheka tu, akaendelea.

Mchicha ukaota, ndugu zangu, tena ukaota vizuri, mistari imenyooka mpaka majirani wakaja kusifu. Watoto walikuja mara moja tu, wakatazama, wakaenda kucheza kwingine. Zefania akawa anapalilia peke yake. Wakimwona njiani, walirudia ile shikamoo yao ya zamani na kupita. Hatimaye alishindwa kuvumilia. Akamshika Nakijwa mkono, akamleta mpaka kwenye tuta, akamwonyesha jinsi mbegu zake zilivyokua. Mtoto alikagua mstari wa kwanza, wa pili, hata wa mwisho, taratibu, akiinama kutazama chini ya majani. Kisha akasema, "Baba, hizi ni zako. Zangu ziko wapi?"

Zefania aliona aibu, aibu ya kweli, maana alitambua papo hapo kwamba kile alichokipata siku ile ya tope amekipoteza kwa mikono yake mwenyewe. Akaung'oa mchicha wote, akampa mkewe awagawie majirani. Akang'oa vigingi, akaitupa kamba darini. Akalivuruga tuta, akawaita watoto, akawakabidhi mbegu, kisha akaketi kando na kuikalia mikono yake isije ikamtoroka.

Wakalima, we, wakalima. Tuta likapinda kuliko lile la kwanza. Kishimo cha Nakijwa kikatiwa konzi nzima ya mbegu, na nyingine juu yake. Mchicha ulipoota, ulisongamana hapa, na pale ukaacha upara mtupu, na hakuna jirani aliyesimama kusifu. Lakini watoto waliamka kabla ya kuku kwenda kuukagua, nao hawakwenda wenyewe: walimvuta baba yao kitandani, mmoja kashika mguu, mmoja shati, mdogo kamkalia tumboni. Siku mboga ilipopikwa ilikuwa na mchanga, maana walioiosha ni wao. Zefania aliitafuna ikialika menoni, akaomba aongezewe. Masika yalipokatika akarudi kazini, na watoto walimsindikiza mpaka barabara kuu wakilia, naye alipanda gari akifuta machozi na huku anacheka, abiria wakimshangaa.

Nasi tunaye Mwenye bustani, ambaye udongo ni wake na mvua ni yake, na bado alituita kwa majina yetu tuje tulime pamoja naye. Mnadhani alipungukiwa na mikono?