Goti la Mama Chilufya

Watu wa Lukandu hujisifu hivi: kwetu filimbi ya bendera ikilia, hata nzi hutua. Hujisifu kwa sauti, mbele ya wageni, na asiyeamini huambiwa aje ajionee. Lakini watu haohao wana methali nyingine, ambayo huisema kwa sauti ya chini kidogo: Goti la mgeni halinyooshwi kwa fimbo.

Jioni moja Mzee Ligamba aliitoa methali hiyo katika kibanda cha kuonyesha mpira. Wimbo wa taifa ulikuwa unapigwa kwenye televisheni kabla ya mechi, na vijana wote walikuwa wamesimama, mikono vifuani, isipokuwa Phiri, kinyozi kutoka Malawi, aliyekuwa ameketi kimya ameinamisha kichwa. Kijana mmoja, Kasiani, akakipiga teke kiti chake.

“Simama, wewe! Ugali unaokula ni wa nani?”

Ndipo mzee akatamka maneno yake. Wimbo ulipokwisha, Kasiani, ambaye mdomo wake huanza mapema kuliko mpira, akataka kujua yametoka wapi.

“Kaeni,” alisema mzee. “Methali hii ilianzia sokoni hapa hapa Lukandu, siku ambayo nzi peke yao ndio waliotulia.”

Zamani hizo, reli ikiwa bado inanukia rangi, aliishi Lukandu mama mmoja Mzambia aliyeitwa Mama Chilufya. Mumewe alikuwa dereva wa treni, na alipofariki alizikwa hapahapa, kwenye makaburi ya nyuma ya stesheni. Ndugu walimsihi arudi kwao. Mama akajibu kwamba yeye hana tabia ya kumwacha mtu aliyelala. Akabaki, akawa anauza karanga za kukaanga kando ya reli, karanga ambazo hata mwenye jino bovu alikubali kuteseka nazo.

Kisha wachuuzi wakafukuzwa relini, wakahamishiwa sokoni. Na soko la Lukandu linatazamana na kituo cha polisi. Kituo kina mlingoti, na mlingoti una bendera. Saa kumi na mbili jioni askari hupuliza filimbi, bendera huanza kuteremshwa, na kila mtu hutakiwa kutulia mahali alipo mpaka filimbi ya pili. Mwenye baiskeli hushuka. Mwenye ugomvi huusitisha, akaumalizia baadaye.

Jioni yake ya kwanza sokoni filimbi ililia, watu wakasimama wima kama miwa. Mama Chilufya akatoka nyuma ya meza yake, akatandika kitenge, akapiga magoti. Akainamisha kichwa, akakunja viganja kama anayeteka maji, akapiga makofi taratibu, pwa, pwa, pwa. Kisha akailaza mikono mapajani, akatulia.

Filimbi ya pili ilipolia, soko likalipuka.

“Mmemwona? Anashangilia bendera yetu ikishuka!”

“Tena kwa makofi!”

Mwenyekiti wa soko alikuwa Bwana Malipula, mtu aliyeupenda sana uzalendo, hasa uzalendo wa watu wengine. Siku za mvua, bendera ikishuka, yeye alikuwa wa kwanza kuingia dukani. Akaja na fimbo yake ya uenyekiti.

“Mama, huku kwetu bendera ikishuka watu husimama.”

“Kwetu mbele ya mkubwa hatusimami, baba. Tunapiga goti, tunapiga na makofi.”

“Kwenu ni kwenu. Hukusikia kwamba ukifika kwa wenye chongo, nawe ufumbe jicho?”

“Nimelifumba, mwenyekiti. Nyinyi mnataka mlitoboe.”

Watu wakacheka, na hilo likawa baya zaidi, kwa kuwa Malipula angeweza kusamehe kudharauliwa kwa bendera, lakini si kuchekwa kwa Malipula. Akaigonga meza kwa fimbo, karanga zikaruka.

“Kesho jioni usiposimama, meza hii inakwenda kwa mwingine. Na mimi mwenyewe nitakusindikiza stesheni upande treni ya kwenu. Kaburi tutakutunzia.”

Hapo hakucheka mtu.

Walipokuwa wakifunika bidhaa, Mwahija, binti aliyeuza mihogo meza ya pili, dada wa tumbo moja wa Mzee Ligamba huyuhuyu, alimsogelea Mama Chilufya.

“Mama, mbona unajitesa? Kesho filimbi ikikaribia shika tumbo, kimbilia chooni. Nusu ya soko ndivyo tunavyofanya.”

“Chooni ndiko mnakoiheshimia?”

“Basi simama tu, mama yangu. Kwani kuna kazi gani kusimama?”

“Hakuna. Miguu ninayo. Lakini nikisimama kwa kuogopa fimbo ya Malipula, heshima ya bendera nitakuwa nimempa Malipula. Mimi si mwizi, mwanangu.”

Akapitia makaburini, akafagia kaburi la mumewe kama alivyozoea, akang’oa magugu. Hakumuaga. Alimwambia tu, “Kesho nitachelewa kidogo.”

Kesho yake soko lilijaa kuliko siku ya mnada. Hata watu ambao hawakuwa wamenunua kitu tangu mwaka uanze walikuja kuuliza bei ya chumvi. Mama Chilufya angeweza kubaki nyumbani. Alikuja. Tena aliiburuta meza yake mpaka mbele kabisa, uso kwa uso na mlingoti.

Filimbi ikalia. Kitenge chini, goti, makofi, kimya.

“Simama!” alifoka Malipula. Mama hakufumbua hata macho. Mwenyekiti akapenyeza fimbo chini ya kwapa lake, akainua kama anayeng’oa kisiki. Mama akajilegeza, akawa mzito kama gunia lililonyeshewa. Malipula akaita msaada, na akaja mwuza nyanya mmoja, kijana mwenye misuli yake mwenyewe na akili za kuazima, akamshika mama kwapa la pili.

“Vuta!”

“Navuta, mwenyekiti!”

“Vuta kama uliyekula!”

Waliokuwa nyuma wakapanda mezani ili waone. Tenga likapinduka, nyanya zikabiringika barabarani. Mmoja akapiga kelele, “Mpelekeni kwao!” Mwingine akadakia, “Kwanza amalize kunipimia karanga!”

Kwenye mlingoti alikuwepo Koplo Wambura, mtu wa Musoma, asiyejua kunong’ona. Lakini siku hiyo hakusema neno. Alishika kamba, akaligeukia soko, akatazama. Mtu wa kwanza aliyekutana na macho yale akaganda. Akafuata wa pili. Kimya kikatambaa meza kwa meza, na kila mmoja akabaki vile alivyokutwa: huyu mguu mmoja hewani, yule mdomo wazi, na Malipula ameinama, fimbo kwapani mwa mjane wa watu, hawezi kuachia maana kuachia nako ni kutikisika.

Basi koplo akaendelea kuiteremsha bendera, polepole, kwa upole ambao haujapata kuonekana Lukandu. Ilishuka kama mtu anayeingia mtoni asiyejua kina. Jasho likamtoka Malipula, likamdondokea Mama Chilufya begani. Mama hakujipangusa.

Filimbi ya pili ikalia. Koplo akaikunja bendera, akaipeleka ndani, kisha akavuka barabara.

“Nani alitembea bendera yangu ikishuka?”

“Afande, huyu mama…”

“Nimeuliza nani alitembea.”

“Tulikuwa tunamsimamisha, afande. Kwa uzalendo.”

Koplo akachuchumaa mbele ya mama, ambaye bado alikuwa chini. “Mama, wanasema hutaki kusimama. Ni kweli?”

“Ni kweli, baba. Leo sitaki, na kesho sitataka. Kwetu ukibaki wima mbele ya mkubwa, unajipima naye kimo. Bendera hiyo ndiyo inayomlinda mume wangu humu ardhini mwenu. Mimi ni nani nijipime nayo? Mkiitaka meza, ichukueni. Mkitaka nipande treni, nibebeni hivihivi nilivyopiga magoti. Nitashuka stesheni ya kwanza, nirudi kwa miguu.”

Koplo Wambura alikuna kidevu. Alikuwa mtu wa amri, na amri yake aliijua.

“Filimbi yangu inasema, tulieni,” alitamka hatimaye. “Haisemi magoti yawe wapi. Na katika soko lote hili, leo nimemwona mtu mmoja tu aliyetulia.” Akainuka. “Nyinyi wengine, majani ya nyuma ya kituo yamefika kiunoni. Mafyekeo yapo.”

“Na huyu?” alilalamika Malipula.

“Huyu ana karanga za kuuza.”

Ndivyo soko la Lukandu lilivyofyeka majani ya polisi, mwenyekiti mbele, wananchi nyuma. Mama Chilufya akapita katikati yao na ungo wake kichwani, akiwauzia karanga kwa bei ileile ya kila siku. Hakumpunguzia mtu.

Hakusimama kesho yake, wala mwaka uliofuata. Malipula hakumwamkia tena, na mama hakuonekana kukonda kwa sababu hiyo. Wapo waliozidi kusema kwamba mgeni sharti afuate ya wenyeji, na mpaka leo wapo, wengine wamo humu kibandani. Ila hakuna aliyerudia kuinua mkono. Anayejaribu, huambiwa maneno yale.

Mzee Ligamba aliishia hapo. Vijana wakamtazama Phiri, Phiri akautazama ukuta.

“Babu,” alisema Kasiani, “na yule mwuza nyanya alikuwa nani?”

“Angalia mpira, umeanza.”

“Bado, Babu. Ni tangazo la sabuni.”

“Mjibu mtoto,” ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Bibi Mwahija, aliyekuwa akikaanga mihogo nje ya kibanda, mwiko bado mkononi.

“Dada, mihogo yako inaungua.”

“Iungue! Waambie nani aliniachia tenga lake nikaokota nyanya peke yangu barabarani. Waambie nani alirudi nyumbani ananuka majani mabichi, baba akadhani amejiajiri kulisha ng’ombe.”

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Phiri. Kibanda kizima kikafuata. Mzee Ligamba, masikio yakiwaka, akauinua mkongojo wake kumwonyesha dadaye njia ya kurudi kwenye karai.

Bibi Mwahija aliutazama ule mkongojo hewani, asirudi nyuma hata kidogo.

“Na wewe sasa unainua fimbo, Ligamba?” alisema. “Goti la mgeni halinyooshwi kwa fimbo. Sembuse mdomo wangu.”