Wimbo Mmoja Uliomsalia Jerono

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, ni zamani hizi za juzi ambapo kila mtu alishakuwa na redio yake ndani ya simu, mjini Nakuru palikuwa na mwimbaji wa kike aliyeitwa Jerono. Hakuimba kwaya, hakuimba nyimbo za harusi. Aliimba hevi metal, ule muziki ambao magitaa hunguruma kama lori linalopanda mlima, na mwimbaji naye hunguruma mpaka ayashinde magitaa. Jerono mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, mpenda chai ya maziwa na kulala mapema. Lakini akishika kipaza sauti, vioo vya madirisha vilitikisika, na wapita njia waliuliza ni mwanamume gani huyo anayeimba.

Jerono alitoa albamu tatu. Ya kwanza iliitwa Chuma Moto. Ya pili, Kilio cha Mfupa. Ya tatu, Pumzi.

Mashabiki wake hawakuwa wengi, ila walikuwa wakaidi, na walikuwa na desturi yao. Kila mwaka walikutana katika ukumbi wa mtaa, wakanywa soda, wakazipanga albamu zake kutoka iliyo bora hadi iliyo mbaya. Iliyo bora waliiita kichwa. Iliyo mbaya waliiita mkia. Walibishana hadi mishipa ikawasimama shingoni, kisha wakacheka, wakaagana. Mwaka huu kichwa kilikuwa Chuma Moto, mwaka uliofuata kilikuwa Kilio cha Mfupa. Lakini tangu albamu ya tatu itoke, mkia haukubadilika. Mkia ulikuwa Pumzi.

Basi koo lilikuwa limeanza kumwuma Jerono hata kabla ya Pumzi. Lilianza kwa kukwaruza, akadhani ni vumbi. Akarekodi Pumzi huku akihisi kama amemeza mwiba, akanyamaza, hakumwambia mtu. Alipokwenda hospitali mwishowe, daktari aliyempima aliweka kalamu mezani.

"Uvimbe huu lazima utoke, dada yangu, na ukitoka, sauti itatoka nao. Utapona, utaishi. Lakini kuimba, hapana. Hata kuongea itabidi ujifunze upya."

"Naweza kuimba kwanza?" Jerono akauliza.

Daktari akatazama tena picha za koo lake. "Wimbo mmoja. Ukiongeza wa pili utatapika damu, na mimi sitakuwa nawe jukwaani."

Wimbo mmoja! Jerono akarudi nyumbani, akafikiri, akashindwa. Akishika huu, ule unamwita. Akishika ule, huu unalia. Mwisho akasema moyoni: Hawa watu wamezipanga albamu zangu miaka yote bila mimi kuwepo. Wazipange tena, mara hii mbele yangu. Itakayokuwa kichwa, humo ndimo nitakamotoa wimbo wangu.

Wakaitwa, wakaja. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, ukumbi umejaa fulana nyeusi. Jerono aliketi mbele na shali shingoni. Kwa kuwa alikuwa akiitunza sauti, alinong'ona tu, na Lemayian, mpiga ngoma wake, akawa mdomo wake.

Wakaanza kupanga. Huyu akasema kichwa ni hii, yule akasema kichwa ni ile. Mmoja akasifu magitaa, mwingine akasifu ngoma. Wakapiga kelele hata soda zikamwagika. Jerono akanong'ona, na Lemayian akapaza sauti: "Jerono anasema hivi: kuhusu magitaa ameshasikia. Anayeitaka albamu yake, asimame amwambie inamhusu nini yeye."

Kelele zikaisha. Wengi wakabaki wameketi. Watatu wakasimama.

Akaanza mzee Ochola, fundi wa kuchomelea vyuma, mikono imejaa makovu ya cheche. Jerono alimjua kuliko wote.

"Binti yangu," mzee Ochola akasema kwa sauti kubwa kupita kiasi, "mlipokuwa hamna pa kufanyia mazoezi, mlifanyia wapi?"

"Kwako, mzee," akajibu Jerono kwa midomo tu, bila sauti.

"Kwangu, kwenye karakana yangu. Majirani wakasema ninafuga mashetani. Askari wakaja, nikalala seli kwa ajili ya kelele zenu, na nilipotoka nikawafungulieni tena mlango. Sasa nisikilizeni. Masikio yangu yamekufa. Nyundo imeyala, na spika zenu zimemalizia. Hiyo albamu ya pili siijui, na ya tatu ndiyo kabisa, kwangu ni upepo tu. Lakini Chuma Moto ilizaliwa mbele yangu. Hiyo naisikia bado, hapa." Akajigonga kifua. "Daktari wangu anasema na hiki kidogo kilichobaki kinaondoka. Wewe unapoteza sauti, mimi napoteza masikio. Niimbie kabla hatujafungiwa mlango sote wawili."

Akaketi. Watu wakasema: Kweli, huyu anastahili.

Jerono akainama. Kusema kweli, Chuma Moto ilikuwa ikimtia aibu kidogo. Aliyaandika maneno yake akiwa angali msichana, akijaribu kutisha watu. Lakini alikumbuka mzee yule akitoka seli, shati limekunjamana, akiuliza: "Leo hamfanyi mazoezi?"

Akafuata mwanamke ambaye Jerono hakuwahi kumwona. Alivaa gauni la maua na kushika mkoba wake kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

"Naitwa Mumbua. Natoka Machakos. Sijawahi kuja kwenye tamasha lako hata moja, dada, na huu muziki nilikuwa siupendi." Watu wakacheka kidogo, naye akatabasamu kidogo. "Nilikuwa na mtoto, anaitwa Mutheu. Alikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Watu walikuwa wakiniita Mama Mutheu. Alipokufa wakaacha. Wakawa hawajui waniite nani, basi wakanikwepa. Na mimi sikulia. Msiba ulikwisha sijalia. Nikawa kama jiwe, sili, silali, mume wangu akawa ananiogopa."

Akamgeukia Jerono, akaendelea.

"Siku moja mtoto wa shemeji yangu aliweka Kilio cha Mfupa kwenye gari, kwa sauti ya juu. Nikamwambia azime. Kisha nikamwambia aache iendelee. Nikasikia mwanamke anapiga ukelele ule niliokuwa nao mimi tumboni. Nikapiga nawe, dada. Nikapiga ukelele mpaka kijana wa watu akasimamisha gari. Ndipo nikalia, ndipo nikarudi kula. Wote hapa wameshakuona ukiimba. Mimi peke yangu sijaona kinywa kilichonililia mtoto wangu."

Akaketi. Watu wakapangusa macho, wakasema: Kweli, huyu naye anastahili.

Jerono alibana shali yake. Wimbo ule wa ukelele aliuimba kwa hasira za kuhamishwa nyumba, wala si za msiba. Hakujua kwamba ulikwenda Machakos ukafanya kazi hiyo. Alitamani kumwambia, akaona haisaidii kitu.

Wa tatu alikuwa Khaemba. Ukumbi wote ulimjua, kwa sababu alikuwa na kipindi cha muziki mtandaoni, na aliposema jambo, mashabiki walilirudia.

"Mimi nasimamia Pumzi," akasema.

"Mkia!" akaguta mtu nyuma, na watu wakacheka.

"Mkia, ndiyo. Na aliyeufanya mkia ni nani? Mimi. Ilipotoka tu, nilisema Jerono anaimba kama jogoo aliyekanyagwa. Mkacheka, mkasambaza. Wengine wenu hamkuisikiliza hata mara moja, mlisikiliza jogoo wangu tu."

Kicheko kikakatika.

"Kisha nikampeleka baba yangu hospitali, nikamkuta dada huyu kwenye foleni ya koo. Nikajua kile nilichokicheka ni nini. Nilimwomba radhi palepale, akanisamehe palepale, na tangu hapo kila kliniki nampeleka mimi. Lakini msamaha wake haukuitoa Pumzi pale nilipoitupa. Nyimbo zile nyingine aliziimba akiwa mzima. Hii aliiimba koo likimkata, akamaliza. Na hajawahi kuiimba mbele ya watu hata siku moja, maana kwa maneno yangu hakuna aliyeiomba."

Mzee Ochola, aliyekuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, akanyanyuka. "Kijana, wewe uliyeitukana ndiwe utakayeichagua? Wimbo wa mwisho uwe wa kuosha dhambi yako?"

"Hapana, mzee. Mimi sistahili kitu, nikitoka nje sasa hivi ni sawa. Inayostahili ni albamu."

"Lakini albamu haina masikio," Mumbua akasema taratibu. "Sisi tunayo."

"Yeye pia anayo," Khaemba akajibu, akimwonyesha Jerono. "Mwulizeni kama hakusikia tulipocheka."

Jerono alikuwa amesikia. Pumzi aliipenda kuliko zote, na hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu kila alipoifikiria alisikia kicheko kwanza, wimbo baadaye. Khaemba akaketi, na watu wakasema, safari hii kwa sauti ndogo: Hata huyu ana haki.

Wakajaribu kupanga tena. Haikuwezekana. Waliobishana miaka yote wakamgeukia Jerono mwenyewe. Na wale watatu kila mmoja akamwambia: "Ukichagua nyingine, nitabaki nikusikilize."

Jerono akavua shali, akapanda jukwaani. Mzee Ochola alisogea akaweka kiganja juu ya spika. Mumbua alisimama mbele kabisa, mkoba kifuani. Khaemba alikwenda ukutani, akaangalia viatu vyake. Lemayian akainua vijiti. "Nikuanzishie upi?" akauliza. Jerono akamwinamia, akamnong'oneza sikioni.

Wimbo uliimbwa siku ile, na ulikuwa mmoja. Jerono alipasuliwa, akapona. Leo anapiga gitaa la besi na huzungumza kwa sauti nyembamba ambayo rafiki zake wamejifunza kuielewa, na wote watatu humtembelea. Waliokuwa ukumbini wangali wanabishana kama alichagua vyema.

Mimi wimbo wenyewe siwatajii, kwa sababu nataka kusikia maoni yenu. Mmoja alimfungulia mlango akiwa si kitu, na masikio yake yalikuwa yanazima. Mmoja alirudishiwa uhai na sauti ambayo hakuwahi kuiona. Mmoja aliikosea kazi ya mtu, akataka iinuliwe yeye abaki chini. Nanyi mlioketi hapa, lau mngekuwa na wimbo mmoja tu kooni, mngemwimbia yupi? Je, nani alistahili?