Kivuko Chenye Makufuli Matatu

Nimetumiwa hii na shemeji yangu, nami nakusukumia wewe. Nimeisoma mpaka kichwa kikanizunguka. Labda wewe utaielewa.

Palikuwa na mto mpana na pantoni moja tu ya kuvushia watu, ya kuvutwa kwa kamba. Mfalme ndiye aliyeitengeneza. Kamba ilitoka kwa liwali wa jimbo. Wavutaji walilishwa na jumbe wa kijiji.

Sasa pantoni ni ya nani? Wallahi sijui, na wenyewe hawakujua. Mfalme alisema ni ya jimbo, ila amri atoe yeye. Liwali akasema ni ya kijiji, ila nauli ije kwake. Jumbe naye akasema ni ya mfalme, ila bila yeye haing'oki! Umeelewa? Mimi bado.

Kwa kutoaminiana, kila mmoja akaleta kufuli lake. Fundi akayaunganisha, moja limeshika jingine, yakawa pingili za mnyororo ule ule uliofunga pantoni. Tangu hapo watu wakawa wanavuka siku ya gulio tu, wenye funguo wote watatu wanapokuja.

Siku moja isiyo ya gulio, Somoe, mke wa mkulima Mkwachu, alishikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Mkunga alikuwa ng'ambo. Mkwachu na majirani wakambeba Somoe kwa machela mpaka kivukoni, wakamkuta jumbe amekaa na karani wa liwali.

"Jumbe, tufungulie! Mke wangu anakufa!"

"Pole, mwanangu. Lakini hilo ni jambo la liwali."

Karani akaruka. "La liwali? Hilo ni la mfalme! Na ufunguo wa mfalme uko mjini."

Basi wakaanza kubishana, sauti juu, wanasahau hata aliyelala pale chini. Mkwachu alikuwa analia waziwazi.

Somoe akainua kichwa. "Baba Jumbe, ufunguo wako unao?"

"Ninao, mwanangu. Lakini peke yake haufai kitu."

"Umewahi kujaribu?"

Jumbe akaupapasa ufunguo kiunoni.

"Basi fungua lako! Hao wengine nitawalilia wakifika."

Jumbe akafungua, ili mradi tu mwanamke wa watu atulie. Lahaula! Mnyororo mzima ukaanguka chini, na makufuli mengine mawili bado yamefungwa vilevile. Kumbe siku zote ufunguo mmoja, wa yeyote kati yao, ulitosha.

Walivuka. Mtoto akazaliwa mikononi mwa mkunga, yeye na mama yake salama. Somoe akampa jina la Jaribu.

Funzo: Wakubwa wakisukumiana usafiri wa watu, anayeumia ni msafiri. Pantoni ni ya nani, hadi leo sijui; lakini mwenye ufunguo mkononi afungue kwanza, ubishi uendelee watu wakiwa wameshavuka.