Povu la Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na nani?"

"Palikuwa na mwenye wivu!"

"Wivu ulimla nani?"

"Ulimla mwenyewe!"

Basi hapo kale palikuwa na Ngiri, mwenye meno ya nje na tumbo la kutosha wageni wanne. Nguvu alikuwa nazo, shamba alikuwa nalo, lakini roho haikutulia. Kisa, Sange. Kijipanya kile chenye pua ndefu ndicho kilichokuwa mtunza ghala wa Jumbe Twiga, kikikalia kigoda ubavuni mwa Jumbe. Ngiri akikitazama kigoda kile, wivu unamla.

"Yule ana nini nisichokuwa nacho mimi?" akamwuliza mkewe.

"Ana magadi, mume wangu. Anatia chembe kibuyuni, anajua kilichomo."

Ngiri akajibanza nyuma ya ghala, akachungulia tunduni. Sange alimwona. Meno yale yafichwe wapi? Akatia magadi kwenye siki: fyuuu, povu. Akajilamba midomo, akasema kwa sauti, "Naam, hili ndilo gongo." Akatia kwenye gongo: kimya. "Hii siki tu."

Ngiri akaamini. Kwao wote ni wanywa tembo la mnazi, na kwa mnywa tembo, kinywaji kisicho na povu kimekufa.

Akamwendea Jumbe. "Tushindanishe. Atakayelijua gongo la arusi ya binti yako akae kigodani."

Jumbe akaleta vibuyu vitatu: siki ya achari, maji ya ndimu ya kupikia samaki, na gongo la wageni. Marufuku kunusa, marufuku kuonja, maana mwaka jana waonjaji walilewa kabla bwana arusi hajafika.

"Tangulia, bwana mkubwa," akasema Sange, akampa magadi. Ngiri akatia chembe katika kila kibuyu.

Cha kwanza: fyu, povu kidogo. Cha pili: kimya. Cha tatu: fyuuuuu, povu likafurika. Ngiri akakikumbatia cha tatu. Sange akachukua kile kilichonyamaza, akampa Jumbe. Jumbe akapiga funda, akakohoa, akatabasamu.

"Na chako, Ngiri?"

Ngiri akapiga funda. Ndimu ikamkunja uso, meno yakafa ganzi. Akamtazama Sange kigodani, akaona bora afe kuliko kusema kweli.

"Gongo," akasema. "Kali kweli."

"Basi maliza."

Gulu, gulu, gulu. Ndimu na magadi vikaendelea kugombana tumboni. Tumbo likavimba, likanguruma.

"Umelewa?" akauliza Jumbe.

"Bado kidogo," akasema Ngiri, akaanguka chali.

Mkewe akamkokota hadi nyumbani. Njia nzima Ngiri anapiga mbweu, na kila baada ya mbweu anauliza, "Bado amekaa kigodani? Amekaa pale pale?"

Funzo, wanangu: usichungulie ghala la mwenzio. Na ukichungulia, nenda na magadi yako ukahakikishe.

Hadithi yangu imefika. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, mpelekeeni Ngiri.