Alama Nne za Mapendo

Mwenyekiti Lukanga alirudi kutoka semina na fomu ya kupima jinsi wageni walivyochanganyika na wenyeji. Mapendo, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya ziwa, aliyeishi mtaani miaka tisa tu, akapata alama nne kati ya mia.

"Ijumaa nithibitishie kwamba wenyeji wanakuona mwenzao," Lukanga alisema. "Ukishindwa, unahama."

"Sawa, Mwenyekiti. Niazime kalamu niandike majina yao."

Ijumaa ofisi ilifurika majirani walioitwa na Mapendo. Bi Zamda alidai kinu chake, Kashindi ngazi, mama Riziki mbuzi ya nazi.

"Anaazima, harudishi!" walilalamika.

Lukanga alifurahi mno. "Mashahidi wazuri hawa! Sifuri!"

"Mwenyekiti, mgeni hupewa kiti na chai," Mapendo alisema. "Nani humwazima mgeni kinu?"

"Mgeni? Hata ungo simpi!" Bi Zamda aliruka.

"Hao wamekuzoea. Mimi ndiye ninayepima, na kwangu wewe ni mgeni!" Lukanga akapapasa mfuko wa shati aandike sifuri. Akapapasa na wa suruali.

Mapendo alichomoa kalamu kilembani. "Unatafuta hii?"

"Kumbe na wewe umemwazima!" Bi Zamda aliangua kicheko.

Ofisi nzima ikimtazama, Lukanga aliipokea akaandika mia. Mapendo akaichukua tena kalamu, akaondoka nayo.