Kiti cha Kiboko

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na nini?
—Sema wewe, sisi tumeshakaa!
Palikuwa na chuo, na chuoni palikuwa na kiti, na kiti kilikuwa na mwenyewe.
—Mwenyewe nani?
Kiboko. Haya, nyamazeni nisimulie.

Wanyama walianza kozi ya kuandika programu za kompyuta. Mwalimu alikuwa Korongo, miguu mirefu, maneno mafupi. Wanafunzi walikuwa wengi na kompyuta chache, kwa hiyo kila kompyuta ilikuwa na wanafunzi wawili na kiti kimoja. Ile ya dirishani walipewa Kiboko na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa kwenye mawe, mdogo kama sungura, hana hata mkia. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuteremka mwambani kwenda chuo. Siku ya kuondoka, shangazi yake alilia kwa furaha mpaka akapaliwa.

Siku ya kwanza Korongo alisema, "Sheria ni mbili. Mwenye kosa ndiye anayekaa kitini, mpaka alirekebishe mwenyewe. Na Ijumaa jioni kila mmoja anionyeshe programu yake ya kwanza ikifanya kazi. Asiye nayo anahamia kozi ya bustani."

Kiboko akakaa kitini, kwiii! Akabonyeza kibodi, pu! Kidole cha Kiboko hubonyeza herufi sita kwa mpigo. Skrini ikasema: kosa.

"Kaka Kiboko, naomba nami nijaribu," akasema Pimbi.

"Sheria si umeisikia? Mwenye kosa anakaa. Nina kosa mimi."

Kesho yake Kiboko akakaa, kwiii! Akabonyeza, pu! Kosa.

"Kaka Kiboko, nami nijaribu."

"Nina kosa mimi."

Keshokutwa, kwiii! Pu! Kosa. Na Kiboko wala hakuwa na haraka ya kulirekebisha. Kiti kilikuwa laini, na dirishani palipita upepo.

Pimbi akaenda kwa mwalimu. "Mwalimu, kiti sikipati."

"Una kosa?" Korongo akauliza.

"Sijaandika kitu, mwalimu. Nitakosaje?"

"Basi huna kosa. Simama."

Pimbi aliumia sana. Alijiona anarudi mwambani, shangazi anamuuliza kompyuta ikishikwa ina joto au ina baridi, naye hajawahi hata kuigusa. Alisimama nyuma ya mgongo wa Kiboko, mgongo mpana ule, akawa anasoma maandishi ya ubaoni, anasikiliza, anashika moja baada ya jingine. Ndiyo kazi pekee aliyoachiwa.

Ijumaa asubuhi umeme ukakatika. Ti! Skrini zote nyeusi.

Korongo hakubabaika. "Tutasoma bila umeme. Kila wawili, mmoja atakuwa kompyuta, mwingine ataandika maagizo ubaoni. Kompyuta inafanya kilichoandikwa. Haiongezi, haipunguzi. Ikiongeza, imefeli kozi nzima. Zoezi ni hili: kula mandazi." Akaweka kwenye kila meza sahani ya mandazi ya kantini, bado yanatoa moshi.

Kiboko akaruka kutoka kitini. Tangu Jumatatu ndiyo mara ya kwanza! "Mimi ndiye kompyuta! Mimi! Wewe dogo andika, na uandike upesi."

"Nitaandika, kaka," Pimbi akasema kwa adabu. "Utakula mpaka sahani iwe tupu?"

"Mpaka tupu! Liandike hilo!"

Pimbi akachukua chaki, akaandika:

Chukua andazi moja.
Lipeleke mdomoni.
Meza.
Rudisha mkono kwenye sahani.
Rudi mwanzo. Sahani ikiwa tupu, acha.

Mnamjua Kiboko na kinywa chake. Kikifunguka, mtoto anaweza kuingia na baiskeli. Akachukua andazi, akafungua kinywa, aaaa...

Ta! Korongo akagonga meza kwa mdomo wake mrefu. "Nani kakuambia ufungue?"

"Lakini mwalimu, mtu akila..."

"Kompyuta haisemi lakini. Hilo nimekusamehe. Jingine, bustanini. Anza upya."

Kiboko akafunga kinywa. Chukua, vwap! Peleka, pu! Likagonga midomo iliyofungwa. Meza, gudu! Akameza mate. Rudisha, vwap! Andazi likarudi sahanini. Sahani tupu? Si tupu. Rudi mwanzo.

Chukua, vwap! Peleka, pu! Meza, gudu! Rudisha, vwap! Tupu? Si tupu.

Chukua, vwap! Peleka, pu! Meza, gudu! Harufu ya iliki ikamwingia puani, machozi yakamtoka. Wenzake walikwisha kula na kufuta midomo. Kiboko bado vwap, pu, gudu. Saa ya chakula cha mchana ikapita, vwap, pu, gudu.

Umeme ukarudi. Ti! Skrini zikawaka.

"Kompyuta, simama," Korongo akasema. "Hapa pana kosa. La nani?"

Kiboko akapanua kinywa chote. "Lake! Lake yeye! Mimi nimefuata kila neno!"

"Hujakosea popote?"

"Hata kidogo, mwalimu! Waulize wote! Kosa ni la huyu Pimbi!"

"Pimbi, ni kweli?"

"Ni kweli, mwalimu," Pimbi akasema, kichwa chini. "Nina kosa mimi."

"Basi sheria unaijua. Kaa kitini."

Pimbi akakaa. Kiti hakikulia hata kwii. Akagusa kibodi: ilikuwa na joto kidogo. Akayaingiza maagizo yake, na palipokosekana akaongeza: fungua mdomo. Kisha akala mandazi kwa kuyafuata, maana programu lazima ijaribiwe. Yote yakaisha.

"Dogo, inuka sasa," Kiboko akanong'ona. "Jioni inaingia, programu sina."

"Kaka, una kosa?"

Kiboko atasemaje analo? Amewaambia wote hana.

"Mimi bado ninalo, kaka. Nilisahau kuandika tafuna."

Jioni Korongo akapita. Kwenye skrini ya dirishani maagizo ya mandazi yalikuwa kamili, na chini yake Pimbi ameongeza salamu inayojiandika yenyewe: Shangazi, ina joto. Korongo akaisoma, akaweka alama ya vema. Kiboko hakuwa na cha kuonyesha.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeshiba anawe mikono, aliyesinzia ataulizwa kesho.
—Na funzo lake?
Funzo lake, wanangu: ukiwa chuoni fuata maagizo neno kwa neno, usikosee hata kidogo, na utafika mbali. Kiboko alifika mbali sana. Bustani ya chuo iko ng'ambo ya uwanja, nyuma ya matangi ya maji.