Aliyebaki Nyuma ya Nahodha

Ndugu zangu waumini, leo nitawatoa humu msikitini kwa muda mfupi, niwapeleke mahali ambapo wengi wenu, hasa nyinyi wazee wa safu ya mbele, hamjawahi kukanyaga: uwanja wa mpira wa kikapu. Msitazamane. Najua yupo aliyekwisha kusema moyoni kwamba sheikh leo ameishiwa na maneno. Nivumilieni. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Watu watano upande huu, watano upande ule, na kila mmoja ana mtu wake wa kumkaba. Lishikeni hilo la mwisho, kwamba kila mmoja ana mtu wake, maana mfano wetu wote umetundikwa hapo.

Katika mji mmoja wa bara, mji wa stesheni ya reli, palikuwa na timu iliyoongozwa na nahodha mmoja kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa heshima. Watoto wa mtaa walimwiga hata namna yake ya kufunga kamba za viatu. Lakini mwaka huo goti lake la kulia lilianza kumsaliti, naye hakumwambia mtu. Alilifunga bendeji na kuificha chini ya soksi ndefu. Nyumbani, akishuka ngazi, alishuka kiupandeupande, huku akijifanya anamtazama mtoto wake aliye juu.

Ndipo alipofika kijana mgeni kutoka mbali, begi moja mkononi, akaomba nafasi. Jezi iliyobaki ilikuwa moja tu, na mashindano ya mkoa yalikuwa yanakaribia. Akiipata jezi, atabaki kambini na kucheza. Akiikosa, treni ya kurudi kwao ilikuwa inajulikana saa zake. Kocha akasema ajaribiwe juma zima, akampanga upande mmoja na nahodha.

Siku alipoingia uwanjani, mchezaji mmoja mwenye maneno mengi aliupima urefu wake kwa macho, akasema, "Dogo, kwenu walikutuma kucheza au kuangua nazi?"

"Nazi zimekwisha, kaka," kijana akajibu. "Ndiyo maana nimefika huku."

Wakaangua kicheko wote. Nahodha naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alikuwa amekwisha kuona kwamba kijana huyu anacheza nafasi ileile anayocheza yeye.

Mchezo ukaanza. Haukupita muda, mtu wa nahodha akampita. Goti liligoma kugeuka, na nahodha akabaki amesimama kama mlango ulioachwa wazi. Mtu yule akaruka kwenda kufunga, lakini mkono mrefu ukatokea kusikotarajiwa, ukaupangua mpira. Alikuwa kijana mgeni. Alimwacha mtu wake mwenyewe, akaja kumzuia mtu wa nahodha. Na alipompita nahodha karibu, alimnong'oneza, "Tulia, kaka. Nimemwona."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakulisema tena. Ila tangu saa hiyo, kila timu ilipopanda kushambulia, kijana hakukimbilia mbele. Alibaki nyuma kidogo, jicho moja kwenye mpira, jicho moja kwenye goti lile. Alimkaba mtu wake, akamkaba na wa nahodha. Alikimbia mbio za watu wawili, na mchezo ulipokaribia kwisha alikuwa ameshika kiuno, anatweta, mdomo wazi.

Je, nahodha aliyajua hayo? Aliyajua, ndugu zangu. Mwanzo aliona haya. Kisha alishukuru kimoyomoyo. Na juma lilipofika ukingoni alikuwa amekwisha kuzoea. Mtu wake akimpita, hakuhangaika tena kumfukuza. Aligeuza shingo tu kutazama nyuma, akajua kwamba kijana yupo.

Sasa, timu ile ilikuwa na desturi yake. Kocha hakuwa anatoa hukumu juu ya mgeni. Alikuwa akisema, "Mimi nikiwa nje nauona mpira. Aliyecheza bega kwa bega naye ndiye aliyemwona mtu." Basi mgeni husimama katika duara la katikati ya uwanja, ameukumbatia mpira kifuani, na timu nzima imemzunguka. Aliyecheza ubavuni mwake huzitaja nguvu zake, kisha huutaja udhaifu wake, mbele yake na mbele ya wote. Na maadamu mgeni ameushika mpira, hasemi kitu. Mwisho humkabidhi mpira yule aliyemtathmini na kutamka neno moja tu: "Nimepokea."

Siku ya tathmini ikafika. Kijana akasimama katika duara. Kocha akamgeukia nahodha, akasema, "Haya. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Tuambie."

Nahodha akaanza na nguvu, na katika nguvu hakuwa bahili. "Ana mikono mizuri," alisema. "Mpira ukimfikia umefika. Anaruka kuliko yeyote kati yetu. Na ana macho. Humwona mwenzake kabla mwenzake hajajiona."

Wachezaji wakatikisa vichwa kukubali. Kijana akatazama chini, masikio yamemwiva kwa furaha.

"Na udhaifu?" kocha akauliza.

Hapo nahodha aliiona milango miwili. Wa kwanza ulikuwa mwepesi kuusema na mzito kuufungua: kijana huyu hana udhaifu niliouona, isipokuwa kwamba alinibeba mimi. Neno hilo lingempa mgeni jezi, na pengine lingemvua yeye unahodha. Akalitazama goti lake. Akaitazama soksi ndefu. Akauchagua mlango wa pili.

"Anachelewa kupanda," alisema. "Tukishambulia, yeye yuko nyuma. Anamwacha mtu wake. Na pumzi zinamwishia mapema. Kwa mashindano ya mkoa, kocha, bado hajaiva."

Nawauliza, ndugu zangu: katika maneno hayo kuna uongo upi? Hakupanda, ni kweli. Alimwacha mtu wake, ni kweli. Alitweta, na wote walimwona anatweta. Nahodha angeweza kuapa juu ya kila neno alilolitoa. Alisema kweli tupu, akaiacha kweli moja tu, na ile moja aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na roho ya mtu ndani yake.

Kijana aliinua uso. Alimtazama nahodha, hakumtazama kwa hasira wala kwa mshangao. Akatoka katika duara, akaja, akamkabidhi mpira kwa mikono miwili, kama mtoto ampavyo mzazi kikombe cha maji. "Nimepokea," alisema. Na alasiri ile akapanda treni.

Mashindano yakaja. Jezi alipewa mwingine, mchezaji hodari wa kawaida, aliyemkaba mtu wake kama inavyompasa na kumwachia kila mwenzake wa kwake. Timu ikasogea hatua kwa hatua mpaka mchezo wa mwisho, uwanja umejaa, na katika dakika za kumalizia ikawa inaongoza kwa pointi moja. Mtu wa nahodha akaupata mpira. Akadunda mara moja kushoto, akageukia kulia, na goti la nahodha likagoma. Akapita.

Nahodha akafanya lile alilokwisha kuzoea. Aligeuza shingo, akatazama nyuma.

Hapakuwa na mtu.

Mpira ukaingia, kipenga kikalia, na umati wote ukawa umeiona picha moja: nahodha mkubwa amesimama katikati ya uwanja, hamfukuzi mpinzani, anatafuta kitu nyuma yake ambacho hakikuwapo.

Wakaingia katika chumba cha kubadilishia nguo. Kisha yule mwenye maneno mengi, safari hii bila mzaha wowote, akauliza, "Nahodha, samahani. Pale mwisho ulikuwa unamtafuta nani?"

Kocha aliinua kichwa, akamtazama nahodha muda mrefu, kisha macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye soksi ndefu, yakatulia hapo. Nahodha aliona uso wake unawaka. Alitamani kuwa mtu mwingine yeyote mle chumbani, hata yule anayekusanya taulo.

Kesho yake akampigia simu kijana. Alikuwa amejipangia maneno, mengi na mazuri: atamwambia nafasi imepatikana, atamwambia timu inamhitaji, atamwambia yote isipokuwa lile moja.

"Kaka!" kijana akaitika kwa furaha. "Shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba. Nzuri. Sikiliza, nilikuwa nataka—"

"Na goti linaendeleaje?"

Maneno yote aliyojipangia nahodha yakamwishia palepale.

"Goti gani?" akauliza, na hapo hapo akajua kwamba amejidhalilisha mara ya pili.

"La kulia, kaka. Nilikuwa naliona linavyokusumbua. Sikumwambia mtu. Nilijua ukitaka wajue, utawaambia mwenyewe." Kisha akaongeza kwa upole, "Mimi huku nimeshapata kibarua cha kiwandani. Mpira nimeuacha. Ulisema sijaiva, nikaona ni kweli, wewe ndiye unayejua."

Mmesikia? Alijua! Alisimama katika duara lile, mpira kifuani, akausikia udhaifu wa mtu mwingine unasomwa kwa jina lake, na sentensi moja tu ingetosha kumwokoa. Hakuitumia. Aliilinda siri ya mwenzake hata pale mwenzake alipokuwa anamuuza. Na la kuumiza zaidi ni kwamba aliyaamini maneno yale. Alirudi kwao akijiona hafai, kwa sababu ya ushahidi wa mtu ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni.

Timu ilipokutana tena mazoezini, nahodha hakuvaa soksi ndefu. Bendeji ilikuwa nje, kila mtu akiiona. Akauchukua mpira, akaenda kusimama katika duara la katikati, mahali ambapo husimama wageni, akaukumbatia kifuani. Hakuna aliyemwita. Wenzake wakamzunguka mmoja mmoja, hawajui wacheke au wanyamaze. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nitathminini," alisema.

Kocha akamkaribia. Hakupaza sauti wala hakumwonea.

"Tathmini yako tunayo," alimwambia. "Uliitoa mwenyewe, kwenye duara hili hili. Anachelewa kupanda. Anamwacha mtu wake. Pumzi zinamwishia mapema. Ilikuwa tathmini sahihi, neno kwa neno. Ulikosea jina tu."

Nahodha akainamisha kichwa. "Nimepokea," alisema. Na desturi ilimtaka sasa amkabidhi mpira yule aliyemtathmini. Kocha alikuwa amekwisha kukana: tathmini si yake. Nahodha akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. Akabaki ameukumbatia mpira, hana wa kumpa.

Ndugu zangu, mfano umekwisha. Sasa tutoke uwanjani, turudi kwetu.

Sisi ni mahodari wa kutathmini. Tukimaliza swala tu, tukikaa barazani tu, tukiketi kwenye kikao cha ukoo, duara limekwisha kuchorwa na mtu amekwisha kusimamishwa ndani yake, mara nyingi bila yeye mwenyewe kuwapo. Na akina mama mlioko huko juu, msicheke, nanyi duara lenu nalijua. Mnasema: mke wa kaka yetu ana kasoro, msibani huja mwisho, watu wamekwisha kupika na kupakua ndipo anaingia. Ni kweli, huja mwisho. Basi nani hubaki anamgeuza mama yenu kitandani, anamwosha na kumlisha, ili nyinyi mabinti zake mpate kufika mapema na kusifiwa kwamba mna utu?

Nasi wanaume tusijione tumepona. Tunasema: mke wangu siku hizi amezeeka kabla ya wakati, hana uchangamfu. Ni kweli, amechoka. Je, amechoka kwa mizigo yake, au kwa yetu? Yule ndugu yako mkubwa unayemwona hakusoma, hakuendelea, amekwama palepale mlipozaliwa, ulipata kumuuliza ni nani aliyebaki nyumbani ili wewe upande?

Uongo tunauogopa, na tunafanya vizuri. Lakini siku ile ya hesabu, nachelea kwamba wengi wetu hatutafedheheshwa na uongo tulioutunga. Tutafedheheshwa na kweli tulizozikata zikabaki nusu, tukazisema kwa sauti safi, mbele za watu, juu ya mtu aliyekuwa amenyamaza kwa ajili yetu.

Kwa hiyo, ulimi wako ukiwa tayari kuutaja udhaifu wa mwenzako, geuza shingo kwanza. Tazama anachelewa kwa sababu ya nini. Tazama anatweta chini ya mzigo wa nani. Na ukiuona mzigo wako mgongoni mwake, usingoje kipenga. Mpokee leo, maadamu ukigeuka nyuma bado unamkuta.

Mwenyezi Mungu atujaalie haya inayowahi, wala asituache tukaifikia haya iliyochelewa.